Bibi Alimwambia Nani?

Kitandililo, Makambako
13 Julai 2025

Dada Esnath,

Kamwene! Najua huko bwenini siku hizi mnaitikiana kwa Kiingereza, lakini wewe itikia tu, hakuna kiranja atakayekusikia ukiwa ndani ya barua.

Sisi wazima. Bibi naye mzima, ila mguu wake wa kushoto unamkorofisha asubuhi kwa sababu ya baridi hii. Mjomba Danford anapeleka Fuso Njombe kupakia mbao keshokutwa, ndiyo maana naandika mbiombio. Simu mmenyimwa, basi tuandikiane kama wazee.

Nasikia mna maktaba mpya. Nasikia pia klabu yenu ya habari ina mwalimu aliyewahi kufanya kazi gazetini. Klabu yetu ni watu sita na ubao mmoja wa matangazo, nusu yake imeshikwa na ratiba ya usafi. Sisemi kwa wivu. Haya, nasema kwa wivu. Tulifanya mtihani mmoja, chumba kimoja, ukanipita kwa alama tisa, na alama hizo tisa zimekupa maktaba.

Lakini mimi nina Bibi. Juzi tulikuwa jikoni tunachambua maharage, akaanza kunieleza habari za mtaro wa bomba la kijiji, ule uliochimbwa kwa mikono, kila kaya ikapimiwa hatua zake. Hajawahi kumwambia mtu. Si mama yako, si mama yangu. Naandika alivyosema: “Nilichimba nikiwa na mimba ya miezi minane. Wanaume waliniambia nikapumzike, nikawaambia hatua zangu hazichimbwi na mtu mwingine. Mwanangu wa kwanza aliogeshwa maji ya kwanza ya bomba lile.”

Mwanawe wa kwanza ni mama yako, Esnath. Na kaniambia mimi.

Ukimaliza kununa, nijibu.

Mdogo wako,
Nelly

*

Njombe
20 Julai 2025

Mdogo wangu Nelly,

Kamwene. Nimeitikia kwa sauti mpaka Matilda wa kitanda cha juu akachungulia.

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa, kama kawaida. Matroni husoma kila barua kabla hatujapewa, kwa hiyo usiandike neno kuhusu makande yetu. Baridi ya huku usiiulize. Tunaoga kwa zamu, na kila mtu anamwombea mwenzake zamu iwe ndefu.

Sehemu ya Bibi nimeisoma mara nne. Kwanza nilifurahi, halafu nikakasirika, na bado nimekasirika. Mimi ndiye mjukuu wake wa kwanza. Nimelala kitanda kimoja naye mpaka nilipokuja huku. Mama yangu ndiye aliyekuwa tumboni! Kwa nini hakuniambia mimi? Niambie ukweli, ulimchokonoa au alianza mwenyewe?

Nadhani na ninyi mmepata tangazo la shindano la makala za shule, “Jambo Lililobadilisha Kijiji Chetu”. Mshindi ni mmoja tu, atakaa wiki tatu redioni hapa Njombe likizo ya Desemba, akijifunza kazi yenyewe. Nelly, naitaka nafasi hiyo mpaka naiota usiku. Mwalimu Oliva, mlezi wa klabu yetu, ametuandikia maswali matatu ubaoni: Nani kasema? Wewe umemsikia wapi? Nani mwingine anajua? Anasema asiyeweza kuyajibu ni mpiga soga mwenye kalamu.

Nitaandika juu ya parachichi. Wewe je? Au Bibi ameshakuandikia?

Dada yako,
Esnath

*

Kitandililo
10 Agosti 2025

Dada Esnath,

Kijarida cha makala kumi na mbili zilizopita mchujo kimefika shuleni kwetu Ijumaa. Yangu iko ukurasa wa tisa, habari za Mzee Abel aliyepunga bendera stesheni ya reli miaka thelathini. Nilikwenda kwake mara nne. Mara ya tatu nilimkuta na homa, nikarudi kilomita zangu sita bila hata mstari mmoja. Alichosema yeye nimeandika kasema yeye, na tarehe ambazo hakuzikumbuka niliziuliza kwa mkuu wa stesheni, naye nikamtaja.

Yako iko ukurasa wa pili. “Mama Aliyechimba.” Kichwa kizuri. Mwalimu wetu ametusomea darasani, wasichana wawili wakalia.

Parachichi yaliozea wapi, dada?

Umeandika hivi: “Bibi yangu Dorosela aliniambia tukiwa jikoni kwake tunachambua maharage.” Nimekumbuka sana siku ile. Nilikuwepo mimi, Bibi na paka. Wewe ulikuwa umekaa upande gani?

Nelly

*

Njombe
17 Agosti 2025

Nelly,

Umeandika kwa mdomo mchungu, nami nakujibu hivyo hivyo.

Parachichi yalinishinda. Nilizungumza na wakulima wawili, wote wakanipa bei na aina ya mbolea. Nilisoma niliyoandika nikasinzia. Barua yako ilikuwa chini ya mto.

Ulitaka niandikeje? “Bibi yangu alimwambia mdogo wangu, mdogo wangu akaniandikia mimi”? Nani angesoma? Na kusema kweli sikutaka jina lako pale. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, nyingine ni mapambo. Wewe unakula naye, unaota moto naye, unamsikia akikohoa. Mimi nilitaka mahali pamoja tu ambapo Bibi ameniambia mimi, hata kama ni kwenye karatasi.

Mwalimu Oliva aliniuliza mbele ya klabu kama nilimsikia mwenyewe. Nikasema ndiyo. Ilitoka haraka, na baada ya hapo sikuweza kuirudisha.

Lakini maneno ni yake. Wewe mwenyewe uliandika “naandika alivyosema”. Kama kuna kosa lolote niambie sasa hivi, Mjomba anarudi huku Jumatano na majaji wanakutana Ijumaa. Usiponijibu nitajua ni wivu tu.

Esnath

*

Kitandililo
31 Agosti 2025

Dada Esnath,

Hongera. Umekuwa wa kwanza, mimi wa pili. Sikukujibu, na leo nitakueleza kwa nini, ila nisikilize kwanza habari ya kanisani.

Baada ya matangazo Mwinjilisti Obed alisimama na kijarida mkononi. Akasema mtoto wa usharika huu ameshinda mkoa mzima. Akasoma yote, tangu herufi ya kwanza, kwa sauti yake ile ya Krismasi. Watu walipiga vigelegele. Bibi alikuwa benchi la tatu, na rafiki yake Bibi Teodora kando yake, kama miaka yote. Nilimwona Bibi akiinua kichwa aliposikia jina lake, halafu akakiinamisha, na hakukiinua tena.

Mwinjilisti alipofika kwenye “mwanangu wa kwanza aliogeshwa maji ya kwanza”, Bibi Teodora aliokota kitenge chake akatoka. Hakutoka kwa hasira. Alikwenda polepole akishika mgongo wa kila benchi, na watu wakampisha wakidhani anaumwa.

Esnath, Bibi hakuchimba. Alikuwa amejifungua mama yako wiki chache tu kabla, akawekwa kuwapikia wachimbaji. Aliyechimba na mimba ya miezi minane ni Bibi Teodora. Alikuwa ameolewa hapa mwaka ule kutoka Ludewa, hana ndugu hata mmoja, akaogopa kusema amechoka kwa sababu wangemwita mvivu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi siku tatu. Maji yalifika wiki iliyofuata. Mama yako aliogeshwa maji yale ya kwanza, hilo ni kweli, na Bibi Teodora ndiye aliyemshika.

Hivi ndivyo Bibi alivyoniambia jikoni. Akasema, “Hii ni ya Teodora, uifunge.”

Sikuifunga. Niliigeuza, nikampa Bibi mimba na jembe, nikaondoa kifo, nikaongeza yale ya wanaume na hatua zake kutoka kichwani mwangu. Sentensi iliyowaliza wasichana darasani niliitunga mimi, nikiwa nimekaa juu ya debe, nikikuwazia wewe na maktaba yako. Nilitaka usome uone umepitwa. Basi.

Na Ijumaa ile nilipoiona kwenye kijarida nilijua umebeba uongo wangu. Uliponiuliza, nilikuwa na siku za kutosha kukujibu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uanguke. Niliona majaji watakuuliza, utababaika, utatolewa, nami nitasogea. Nilidhani utaangukia kwa majaji tu.

Bibi hajanigombeza. Amerudi kutoka kanisani, amevua viatu, ameketi jikoni bila kuwasha moto.

Nelly

*

Njombe
4 Septemba 2025

Nelly,

Barua yako imesomwa na matroni kabla yangu. Alinipa bila kunitazama. Mbali na wazee wenyewe, sasa ni watu watatu tunaojua.

Ngoja nione kama nimekuelewa. Mshindi wa pili anamwandikia mshindi wa kwanza kwamba makala iliyoshinda ni uongo. Uongo wenyewe aliutunga mshindi wa pili. Aliujua kabla ya majaji kukutana, akakaa nao kama mtu anayeatamia mayai. Nikisema ukweli kwa Mwalimu Oliva, nafasi ya redioni inahamia kwako. Umeipanga vizuri, mdogo wangu. Hata mkaguzi hawezi kuona ulikoshona.

Nimelia mpaka Matilda amekwenda kuniombea dawa ya kichwa.

Halafu nimekaa, na nimeona kwamba nakutukana ili nisijiulize. Kijiji kina watu wangapi waliochimba mtaro ule na bado wako hai? Ningemwandikia Bibi barua, wewe ungemsomea. Ningemwuliza mama yangu kwa simu ya matroni Jumamosi, dakika tano. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu lingesema Bibi alikuambia wewe. Uongo ulikuwa wako, wizi ulikuwa wangu. Niliiba mali mbovu nikasimama nayo sokoni.

Mimi sijui la kufanya. Nikikaa kimya ninakwenda redioni Desemba, na hakuna wa kunizuia, maana hao wazee wawili hawatasema. Nikilifikiria hilo naona linawezekana, na hapo ndipo najiogopa.

Mwulize Bibi anataka nini. Na safari hii uandike alichosema.

Esnath

*

Kitandililo
7 Septemba 2025

Mjukuu wangu Esnath,

Nelly anaandika, mimi nasema. Nimemwambia anisomee kila mstari akiumaliza.

Mimi sikuchimba. Nilipika ugali na maharage kwa watu wa mtaro, na mtoto mgongoni. Sioni haya kwamba nilipika. Walionisikia kanisani nimechimba wamenipa heshima ya mtu mwingine, nami sijui niiweke wapi.

Teodora hajaja hapa tangu Jumapili ile. Nimekwenda kwake mara mbili, naambiwa amelala. Mtu halali mchana wiki nzima. Anadhani mimi ndiye niliyewaambia ninyi hivyo, kwamba nimechukua mtoto wake nikajipa. Miaka yote ile, yeye hajalitaja jambo hilo kwangu wala mimi kwake. Nilimwambia Nelly kwa sababu nimezeeka na niliona litakufa nami. Nilikosea na mimi.

Ninyi mnagombania nani kaambiwa na Bibi. Mngekuwa mnagombania kunitafutia kuni, leo ningekuwa nimejaza banda.

Mambo ya shindano siyajui, mwulize mwalimu wako. Ukifunga shule njoo hapa moja kwa moja, usipite kwa mtu. Tutakwenda kwa Teodora mimi na wewe. Usije na zawadi. Hatuendi kununua kitu.

Ni mimi bibi yako,
Dorosela

Dada, nimemsomea mara mbili. Paliandikwa neno “wajinga” baada ya “ninyi”, akaniambia nilifute.

Kuhusu nafasi ya redioni: nilitaka kukuandikia kwamba siitaki. Naitaka. Nimechoka kukuandikia uongo. Nimemweleza mwalimu wangu yote niliyoyafanya, hata kunyamaza kwangu, wakitaka kunitoa na mimi wanitoe.

Nelly

*

Njombe
28 Septemba 2025

Mdogo wangu Nelly,

Nimerudi shuleni salama kutoka likizo fupi. Ulinisindikiza mpaka stendi tukizungumzia nauli tu, kwa hiyo acha niandike.

Nilimwambia Mwalimu Oliva kabla ya likizo, unajua hilo. Hakunifokea. Alinipa karatasi akaniambia niandike masahihisho mwenyewe, na yawe mafupi, kwa sababu mtu anayeomba radhi kwa maneno mengi bado anajitetea. Niliyaandika mara sita. Toleo lijalo litakuwa nayo, ukurasa wa pili, palepale:

“Makala ‘Mama Aliyechimba’ ilisema Bibi Dorosela wa Kitandililo alichimba mtaro akiwa mjamzito. Si kweli, wala hakusema hivyo. Mwandishi aliyatoa maneno hayo katika barua ya ndugu yake, hakumtaja, hakuyahakikisha, na alidanganya kwamba aliyasikia mwenyewe. Anaomba radhi kwa Bibi Dorosela na kwa mtu mwingine ambaye hakutaka kutajwa.”

Jana wametangaza. Makala ya Mzee Abel haina doa, na waandaaji wamesema uliyoyafanya kwenye barua za nyumbani ni mambo ya nyumbani. Nafasi ni yako. Mwalimu Oliva aliposoma jina lako mbele ya klabu nilipiga makofi na mikono ikaniwasha. Nakuonea wivu, Nelly. Sitaki kuandika kwamba nimefurahi halafu siku moja uje uniulize nilifurahi upande gani. Labda Desemba nitafurahi. Uje na sweta mbili.

Sasa, kwa Bibi Teodora.

Wewe ulibaki nje kwenye gogo, kwa sababu Bibi alisema mtu aliyeambiwa afunge akafungua hawezi kuingia siku ya kwanza. Najua ilikuuma. Tulimkuta ameketi, hajalala. Bibi alimwambia kwa Kibena, “Sikusema ni mimi. Watoto hawa walisema.” Bibi Teodora akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kuomba radhi, ikaniishia kwenye sentensi ya kwanza. Nikasema, “Bibi, sikukuuliza.”

Akaniambia nikae. Kisha akaanza kuongea.

Aliongea tangu saa nane mpaka kuku wakaanza kuingia bandani. Daftari langu lilikuwa kwenye mkoba, sikuligusa. Kuna mambo hata Bibi alikuwa hayajui, nilimwona akishika mdomo. Alipomaliza akaniambia, “Umesikia. Sasa usiandike.” Maneno hayo ni yake, na nilimwomba ruhusa kukuandikia hayo tu. Akakubali. Halafu akamwuliza Bibi kama kuna moto nyumbani kwake, maana hapo kwake kuni zimelowa, na ndivyo walivyotoka wameshikana mikono ukawaona.

Nilipotoka ulisimama ukaniuliza, “Kasema nini?” Nikakuambia baadaye. Ukaniuliza tena jikoni, tena kitandani, tena stendi kwa macho.

Baadaye ndiyo hii. Nelly, ni habari kubwa kuliko ile iliyoshinda. Ukiipeleka redioni watu watasimamisha magari. Nami ninayo yote kichwani, hakuna mtu mwingine wa rika letu aliyeambiwa, na sitaiandika popote, na wewe sikuambii.

Najua unavyojisikia ukisoma hapa. Ukitaka kujua, nenda kamwulize mwenyewe, mlango wake unaujua. Akikataa, muage salama, urudi nyumbani.

Dada yako,
Esnath